GARI LA PORINI LENYE PAA LA KUINUKA: MAMBO YA KUPIMWA NA CHAMA KABLA YA KUKATA PAA

Kila msimu wa mazao unapofika, chama cha ushirika hulazimika kuwapeleka watu mbali na makao yake. Yuko mhasibu anayekwenda kuhakiki daftari za kituo cha kununulia mazao, yuko bwana shamba anayekwenda kuangalia ugonjwa wa mimea, na wako wajumbe wa Bodi wanaokwenda kuwasikiliza wanachama. Mara nyingi kazi haiishi kwa siku moja, na mahali penyewe hapana nyumba ya wageni. Ndiyo sababu baadhi ya viongozi huvutiwa na gari la porini ambalo paa lake limekatwa na kufanywa liweze kuinuliwa, ndani mkawekwa vitanda, kabati na jiko, ili gari hilo hilo liwe chombo cha safari na mahali pa kulala.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi gari la namna hiyo linavyoundwa, linavyotumiwa na linavyotunzwa, pamoja na mambo ambayo chama hakina budi kuyapima kabla ya kutoa fedha za wanachama. Jambo kubwa la kushika ni hili: paa huongeza nafasi wakati gari limesimama tu, bali uzito wa vyote vilivyoongezwa husafiri na gari kila kilomita. Anayetazama nafasi asitazame uzito, amefanya nusu ya hesabu.

1. GARI HILI NI LA NAMNA GANI

Wasomaji wa mikoa ya kaskazini ya Tanzania wameyazoea magari ya watalii, hasa Toyota Land Cruiser, ambayo mafundi wa Arusha huyarefusha na kuyakata paa. Paa la magari hayo huinuka juu ya nguzo fupi ili wageni wasimame na kutazama wanyama, na pande zake huachwa wazi. Gari la kulala ni ndugu wa gari hilo, lakini si lile lile. Katika gari la kulala, nafasi iliyo kati ya kiwiliwili cha gari na paa huzungushiwa turubai lenye madirisha ya wavu wa mbu, na humo juu hutandikwa kitanda.

Fikra yenyewe si ngeni. Landrova ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam mwaka 1948. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Martin Walter ya mji wa Folkestone, Uingereza, ilikuwa ikigeuza Landrova ndefu kuwa nyumba ya safari iliyojulikana kwa jina la Dormobile. Paa lake lilikuwa na bawaba upande mmoja, likafunguka mfano wa kifuniko cha sanduku. Baadaye kazi hiyo ilienea hata kwenye magari ya Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza kutengenezwa mwaka 1984, na hasa yale marefu yenye milango ya nyuma ambayo wengi wetu tumeyaona yakibeba wagonjwa, askari na watumishi wa mashamba.

Mapaa ya kuinuka ni ya namna tatu. Namna ya kwanza ni paa lenye bawaba mbele au nyuma, ambalo huinuka upande mmoja tu na kufanya umbo la kabari. Hilo lina viungo vichache na ni jepesi kufunga, lakini upande wa bawaba hauna kimo. Namna ya pili ni lile lenye bawaba ubavuni. Namna ya tatu ni paa linalopanda wima pande zote. Hilo hutoa kimo sawa kotekote, ila lina viungo vingi na hushikwa na upepo zaidi.

Faida yake yaonekana likilinganishwa na njia nyingine mbili. Likilinganishwa na hema linalofungwa juu ya keria, paa la kuinuka humwezesha mtu kupanda kitandani kutoka ndani, bila kutoka nje katika mvua au giza. Likilinganishwa na paa refu lisiloshuka, hili likishafungwa gari hurudia kimo kinachokaribia kile cha zamani, likapita chini ya matawi na kukabili upepo vizuri zaidi.

2. PAA LIKISHAKATWA HALIRUDI

Magari tuliyoyataja yamejengwa juu ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba injini, ekseli na mzigo. Kwa hiyo paa si nguzo kuu ya gari. Hata hivyo, paa na mataruma yake ndiyo yanayozuia kiwiliwili kupindapinda katika barabara mbovu, na ndiyo yanayowakinga abiria gari linapopinduka. Fundi anayekata paa na kufunga turubai bila kurudisha nguvu iliyoondolewa amewaondolea abiria kinga yao.

Kazi iliyo sahihi huweka fremu ya chuma kuzunguka tundu lote lililokatwa, ikashikamana na nguzo za milango kabla ya paa jipya kufungwa. Kiongozi anayekwenda kukagua karakana asiridhike na rangi na vitambaa. Aombe aonyeshwe gari ambalo kazi bado haijafunikwa, atazame viungio vya fremu, na aulize jinsi makali ya bati yaliyokatwa yalivyokingwa na kutu. Paa jipya likiwa la alumini juu ya kiwiliwili cha chuma, lazima pawepo mpira au rangi ya kutenganisha, kwa kuwa metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini hulika upesi.

Bodi izingatie pia kwamba gari likishakatwa limebadilika katika sheria. Mamlaka ya usajili na kampuni ya bima ziarifiwe kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, na majibu yake yatunzwe kwenye jalada la gari. Bima iliyokatwa kwa gari la kawaida yaweza kuleta mabishano siku ya ajali, na mabishano hayo hulipwa na wanachama.

3. HESABU YA UZITO

Kila gari lina uzito wa juu kabisa ulioruhusiwa na mtengenezaji, ambao ni jumla ya gari lenyewe, mafuta, watu na mzigo. Uzito huo huandikwa katika kibao cha gari au kitabu chake. Tuchukue mfano wa gari ambalo, likiwa na tangi lililojaa bila mtu ndani, lina kilo 2,200, na uzito wake wa juu ulioruhusiwa ni kilo 3,300. Gari hilo limebakiwa na kilo 1,100. Sasa tuligeuze kuwa gari la kulala:

Paa jipya, fremu na turubai (nyongeza): kilo 80
Vitanda, magodoro na kabati: kilo 120
Betri ya pili: kilo 28
Jokofu dogo na vilivyomo: kilo 35
Maji, lita 60: kilo 60
Dizeli ya tangi la pili, lita 90: kilo 75
Tairi la pili la akiba: kilo 35
Jiko, mtungi wa gesi na vyombo: kilo 30
Kivuli cha turubai cha ubavuni: kilo 20
Watu wanne, kilo 75 kila mmoja: kilo 300
Mizigo yao, vifaa vya fundi na daftari: kilo 100
Jumla: kilo 883

Zimebaki kilo 217. Hiyo ni nafasi ya mifuko minne ya mbolea ya kilo 50, basi. Katibu akiagiza kwamba, kwa kuwa gari linakwenda upande ule, lichukue mifuko 10, atakuwa amelizidishia gari takriban kilo 283. Gari litaondoka, na pengine litafika. Lakini springi zitalala, breki zitachelewa kushika, tairi zitapata moto, na chesisi itaanza kupata nyufa ambazo hazitaonekana mpaka siku ya kuvunjika. Tena, sehemu ya uzito huo iko juu, kwa hiyo katika mteremko wa ubavuni au kona kali gari hili hupinduka mapema kuliko lilivyokuwa awali.

Springi na shokapu ngumu zaidi husaidia gari kusimama vizuri, lakini haziongezi peke yake uzito ulioruhusiwa, kwa sababu ekseli, breki na chesisi ni zile zile. Dawa ni kulipeleka gari kwenye mizani likiwa tayari kabisa kwa safari, pamoja na watu wake, na kupima ekseli ya mbele na ya nyuma mbalimbali. Chama kinachopima kahawa au pamba ya mwanachama hadi kilo ya mwisho hakina udhuru wa kutopima gari lake.

4. UMEME, MAJI NA MOTO

Betri ya pili iwepo kwa ajili ya taa na jokofu, nayo itenganishwe na betri ya injini wakati gari limezimwa, ili asubuhi gari liwake. Betri ya kawaida ya risasi na asidi iliyoandikwa saa-ampea 100 isitumiwe zaidi ya nusu, yaani 50, la sivyo itakufa mapema. Jokofu dogo linalovuta ampea 4 na kufanya kazi nusu ya siku nzima hutumia saa-ampea 48. Maana yake ni kwamba betri hiyo hutosha siku moja tu gari likisimama. Kibao cha sola cha wati 100, kikipata jua zuri la saa tano, chaweza kurudisha kadiri ya saa-ampea 40 kwa hali bora kabisa. Taa za LED si tatizo. Taa ya wati 5 ikiwaka saa nne haifikishi saa-ampea 2. Kwa hiyo, chama ambacho hakibebi chanjo za mifugo wala vitu vinavyoharibika kijiulize kwa dhati kama jokofu linahitajika. Likiondolewa, uzito na gharama nyingi huondoka nalo. Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu na betri yenyewe, kwani waya uliochunika nyuma ya kabati huwasha moto usioonekana.

Maji yawekwe chini kabisa na katikati ya ekseli mbili. Lita moja ni kilo moja. Anayejaza lita 60 kwa safari ya siku moja anabeba uzito wa bure.

Katika habari ya moto, tunawaomba makatibu wote walisome neno hili mbele ya madereva. Katika nyanda za juu, kama vile Makete au Mbeya, usiku huwa na baridi kali, na watu hushawishika kuingiza jiko la mkaa ndani ya gari, wakafunga madirisha na kulala. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini pasipo kuwaamsha. Mkaa unaoonekana kufifia bado hutoa sumu hiyo. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari wakati wowote, na injini isiachwe ikinguruma watu wamelala. Jiko la gesi litumiwe nje, chini ya kivuli cha turubai, na valvu ya mtungi ifungwe kabla ya kulala. Dhidi ya baridi, dawa ni blanketi. Kizima moto kiwe mahali ambapo mtu aweza kukifikia kutoka kitandani na kutoka nje pia.

5. KULITUMIA SAFARINI

Dereva achague mahali pa kulala kungali mchana. Atafute ardhi iliyo sawa, mbali na mkondo wa maji hata kama ni mkavu, na asisimame chini ya tawi kavu. Kama paa lina bawaba mbele, pua ya gari ielekezwe upande unakotoka upepo, ili upepo upande juu ya paa badala ya kuingia kwenye turubai. Dhoruba ikizidi, ni heri kulishusha paa na kulala viti vya chini.

Watu wanaolala hutoa mvuke kwa pumzi zao, na mvuke huo hugeuka maji juu ya bati baridi. Kwa hiyo madirisha mawili yanayoelekeana yaachwe wazi kidogo, wavu ukiwa umefungwa. Kabla ya kuondoka, mtu mmoja azunguke gari lote kwa miguu: ahakikishe turubai limeingia ndani pande zote bila kubanwa, komeo zote zimefungwa, na hakuna kitu kilichosahauliwa juu. Gari lisiendeshwe hata hatua chache paa likiwa juu. Ndani ya hifadhi za taifa, kulala kunaruhusiwa katika vituo vilivyotengwa tu, na chakula kisiachwe nje, kwa maana fisi, nyani na tembo hufuata harufu.

Katika mchanga, upepo wa tairi hupunguzwa ili tairi likanyage kwa upana, kisha hujazwa tena mara gari litokapo. Gari zito lililosahauliwa kujazwa huharibu tairi katika lami kwa muda mfupi.

6. UTUNZAJI

Adui wa turubai ni unyevu. Paa likifungwa limelowa, lifunguliwe na kuanikwa siku hiyo hiyo ya kurudi au kesho yake, vinginevyo ukungu utaingia katika nyuzi na harufu yake haitoki. Turubai lifutwe kwa maji safi na brashi laini. Sabuni kali huondoa dawa inayozuia maji. Zipu zisafishwe vumbi baada ya kila safari, kwa sababu vumbi la barabara zetu ndilo linalozimaliza. Raba inayozunguka paa ikaguliwe kabla ya masika, na iliyopasuka ibadilishwe kabla maji hayajafika kwenye mbao na nyaya.

Vyuma vya gesi vinavyosaidia kuinua paa hupoteza nguvu taratibu. Dalili ni paa kuwa zito kuinua, au kushuka lenyewe alfajiri penye baridi. Vibadilishwe viwili kwa pamoja. Mpaka vipya vipatikane, paa liegemezwe kwa nguzo, kwani likimwangukia mtu mkononi au shingoni litamjeruhi. Bolti za bawaba zikazwe baada ya kila safari ndefu ya barabara mbovu. Ni kazi ya nusu saa.

Gari liwe na mtunzaji mmoja anayejulikana kwa jina, na kitabu cha safari kinachoonyesha kilomita, usiku uliolalwa, mafuta na kasoro zilizoonekana. Gari la watu wote lisilo na mtunzaji huwa si la mtu yeyote.

7. FEDHA, POSHO NA UAMUZI WA CHAMA

Tuseme ukataji wa paa na vifaa vyote vinagharimu shilingi milioni 24, navyo vinatarajiwa kudumu miaka 8. Hiyo ni shilingi milioni 3 kwa mwaka, kabla ya matengenezo. Gari likilalwa usiku 30 kwa mwaka, kila usiku umegharimu shilingi 100,000. Likilalwa usiku 120, kila usiku umegharimu shilingi 25,000. Na wakilala watu wawili, ni shilingi 12,500 kwa kila mmoja. Chama kichukue bei yake halisi, kiziweke siku zake halisi za safari za miaka mitatu iliyopita, kisha kilinganishe na gharama ya nyumba ya wageni au mahema mawili mazuri. Chama kimoja cha msingi chenye safari chache kitaona kwamba mahema yanatosha. Vyama kadhaa vinavyoshirikiana kupitia chama kikuu, kwa ratiba iliyoandikwa, vyaweza kuona kinyume chake.

Lipo jambo jingine ambalo huleta ugomvi likiachwa. Mtumishi akilala ndani ya gari, je, anastahili posho yake ya kujikimu? Viongozi wengine hununua gari wakitumaini kufuta posho zote, na watumishi huliona gari kama chombo cha kuwanyang'anya haki. Bodi iamue mapema na kwa maandishi ni sehemu gani ya posho inahusu malazi na ni sehemu gani inahusu chakula na usumbufu, na uamuzi huo usomwe kwa wahusika kabla ya safari ya kwanza. Vilevile, mwanamke asilazimishwe kulala katika gari moja na dereva au mkaguzi mwanamume kwa kisingizio cha kubana matumizi. Ikiwa kundi lina wanaume na wanawake, hema la pili lichukuliwe, au nyumba ya wageni ilipiwe. Fedha inayookolewa kwa kumvunjia mtumishi heshima haipaswi kuitwa akiba.

Wanaofikiria kulikodisha gari kwa watalii wakati usio wa msimu wakumbuke kwamba biashara hiyo ina leseni zake na bima yake, na kwamba gari lililokodishwa huweza kuwa mbali siku mazao yanapohitaji usimamizi.

Mwisho, gharama hii haifai kujificha ndani ya fungu la matengenezo ya gari. Ni mali ya kudumu. Iingizwe katika makisio, ijadiliwe na mkutano mkuu, iandikwe katika daftari la mali za kudumu, na kama ni ya mkopo, iwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa. Tunazishauri Bodi za vyama wanachama zipeleke mbele ya mkutano karatasi tatu: orodha ya safari za miaka mitatu, hesabu ya uzito kama ile ya hapo juu, na bei ya kila usiku mmoja. Karatasi hizo tatu zikikubaliana, chama kiendelee na kazi bila woga. Hata moja ikipingana na nyingine, paa libaki lilivyo, kwa kuwa bati likishakatwa halirudishwi kwa azimio la mkutano.